Joto la Kaskazi na Mwendesha Baiskeli wa Tanga

Simama kando ya barabara ya Amboni asubuhi yoyote ya Februari, saa tatu hivi, utazame wanaopita na baiskeli. Atapita mzee juu ya Foniksi, tenga la samaki limefungwa nyuma kwenye karia, shati la mikono mirefu mwilini na kofia kichwani, anapiga pedeli taratibu kana kwamba ana siku nzima. Nyuma yake atapita kijana mwenye baiskeli ya gia, tairi nyembamba, usukani wa kuinamia, mgongo umelala kama meza. Rudi pale baada ya saa mbili. Mzee bado anazunguka mitaani anauza. Kijana amekaa chini ya mwembe, kichwa kinamgonga, tumbo linamchafuka, hata maji hayataki.

Watu wengi watakwambia kuwa mzee amezoea jua. Kuna ukweli ndani yake, na nitaurudia baadaye, lakini ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa ni hii: joto kali kuliko yote linalomkabili mwendesha baiskeli wakati wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini mashariki, analitengeneza mwenyewe, ndani ya misuli yake, na Tanga ni mahali ambapo joto la namna hiyo hutoka mwilini kwa shida. Ukilielewa hilo, mambo mengi yanayowachanganya watu kuhusu kuendesha msimu huu yanakaa sawa: saa ya kutoka, njia ya kushika, kinywaji, hata kwa nini upepo wa mgongoni unaweza kukuangusha.

Nalisema hili kwa sababu naupenda msimu wenyewe. Kuanzia Desemba mpaka Machi njia ni kavu, tope la vuli limekwisha, watu wako likizo, na Raskazone alfajiri, bahari ikiwa imetulia, ni raha isiyotaka kiingilio. Mji wetu umejengwa kama vile uliwekewa baiskeli. Ardhi ni tambarare, na barabara zenye namba za Ngamiani zimenyooka kiasi kwamba mtoto wa shule na mama muuza vitumbua wote wanaweza kuzipita bila kushuka. Ila mtu akitoka na nia ya kuendesha kwa raha, kilomita 40 au 60 kwa mwendo wa kasi, anaingia katika hesabu tofauti na ya mtu anayekwenda sokoni.

Hesabu yenyewe iko hivi. Katika nishati yote ambayo misuli inachoma, inayofika kwenye pedeli ni kama robo, na mara nyingi haifiki hata hapo. Iliyobaki yote inageuka joto. Sasa tazama mwendo. Nguvu ambayo hewa inakurudisha nayo nyuma huongezeka mara nne ukiongeza mwendo mara mbili, na kazi ya kuishinda hewa hiyo huongezeka mara nane. Mzee wetu, kwa mwendo wa kilomita 13 au 14 kwa saa, hata akiwa na mzigo, anatoa takribani wati 50 kwenye pedeli. Kijana akienda kilomita 30 kwa saa anatoa kama wati 160, na mwili wake unabaki na joto la wati 550 hivi la kutupa nje. La mzee ni wati 200 na kidogo. Wote wawili wako chini ya jua lile lile, kwenye lami ile ile, lakini mmoja amebeba joto zaidi ya maradufu ya mwenzake.

Joto hilo litoke vipi? Ngozi ya mtu anayefanya kazi ina nyuzi 35 hivi. Hewa ya Tanga mchana wa Februari hufika nyuzi 32 au 33. Tofauti ni ndogo mno, kwa hiyo hewa peke yake haichukui kitu cha maana. Inabaki njia moja, jasho. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke yote juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi za joto. Kwa kijana wa wati 550, maana yake ni kwamba lita nzima kasoro kidogo lazima igeuke mvuke kila saa, la sivyo joto linabaki ndani na damu inaanza kupanda moto.

Lazima igeuke mvuke. Hapo ndipo penye fundo. Jasho linalodondoka kwenye fremu na kulowesha kiti halijakupoza hata kidogo. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa sababu unyevu unaopenya ukutani unakauka kwa nje na kuondoka na joto. Uweke kwenye chumba chenye mvuke tele usio na upepo, utabaki umelowa tu na maji yake yatakuwa vuguvugu. Mwili wa mwendesha baiskeli uko vivyo hivyo, na pwani yetu ndiyo hicho chumba.

Watu husema asubuhi kuna unyevu mwingi, kwa hiyo afadhali kusubiri kidogo hewa ikauke. Hili linastahili kufafanuliwa vizuri, maana asilimia ya unyevu inayotajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa inapotosha. Alfajiri yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 90 ina takribani gramu 21 za mvuke katika kila mita ya ujazo ya hewa. Alasiri yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 62 ina gramu 21 vilevile. Asilimia imeshuka kwa sababu hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi, lakini mvuke wenyewe haujapungua. Kwa hiyo jasho lako halikauki kwa urahisi zaidi saa nane mchana kuliko saa kumi na mbili asubuhi. Ulichoongeza kwa kusubiri ni jua na joto la hewa. Dodoma ni hadithi nyingine: nyuzi 32 hizo hizo zikiwa na unyevu wa asilimia 35 huwa na nusu ya mvuke na kidogo tu, na jasho linaruka kabla hujaliona. Ndiyo maana mgeni wa bara anayejisifu kuwa joto ni lake hupata tabu siku yake ya kwanza Tanga.

Basi jibu la saa ni wazi: toka kabla ya jua. Na hapa Tanga tuna bahati ndogo ambayo wengi hawaitumii. Saa zetu zinafuata longitudo ya 45, ilhali mji uko karibu na ya 39, hivyo jua linachelewa kwa saa ya ukutani. Februari linachomoza mnamo saa 12 na nusu asubuhi, na linafika juu kabisa saa 6 na dakika 37 hivi mchana. Mtu anayetoka saa 11 na nusu ana saa nzima ya ubaridi kabla ya kuonwa na jua. Kuanzia saa tatu hali inageuka upesi. Machi, tarehe 8 hivi, jua linapita utosini moja kwa moja, na kila mita ya mraba inayolielekea inaweza kupokea wati 1,000 hivi. Aliyeinama juu ya usukani amelitandazia mgongo mzima. Mikono mirefu ya kitambaa chepesi cha rangi ya kung'aa, kama ya yule mzee, inafaa kuliko fulana isiyo na mikono. Kitambaa kinachukua jua na kinasaidia jasho kusambaa likauke.

Tatizo ni kwamba saa hiyo nzuri ni ya giza, na ndiyo saa mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanapotoka Kange. Sishauri mtu yeyote aingie barabara ya Pongwe na Muheza gizani, awe na taa au asiwe nayo. Mabasi, malori ya saruji na bodaboda zisizo na taa vinagombea lami ile, na ukingo wa kukimbilia ni mwembamba. Barabara ya Pangani, ya kusini, tuiache kwa sasa. Kwa alfajiri za kaskazi, njia ninayoiamini ni ya kaskazini: Amboni, kisha kuelekea Mkinga na Horohoro, lami ya kilomita 65 hivi mpaka mpakani, yenye magari machache na miinuko inayokupa kazi bila kukuvunja. Si lazima ufike mpakani. Kilomita 25 kwenda na 25 kurudi zinamtosha mtu wa kawaida mwezi wa pili. Hata hivyo taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele ni lazima, na nguo yenye kung'aa kwenye mwanga wa gari.

Sasa upepo, ambao kwangu ndio sehemu tamu kuliko zote katika jambo hili. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki. Alfajiri mara nyingi imelala, au kuna kijiupepo chepesi kutoka bara. Jua likipanda, nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, hewa ya bara inainuka, ya baharini inaingia kujaza nafasi, na kufikia saa nne au tano upepo huo umeungana na kaskazi yenyewe. Anayeelekea Horohoro anakwenda nao usoni, akirudi unamsukuma.

Waendesha baiskeli wa kila mahali hufundishana kuanza safari na upepo usoni, ili warudi wakisaidiwa. Kwa faida ya misuli ya miguu, ushauri ni mzuri. Ila upepo wa kurudi haulipi muda wote uliopotea wakati wa kwenda, kama wengi wanavyofikiri. Chukua njia ya kilomita 30 kwenda na 30 kurudi. Kama hakuna upepo na mwendo wako ni kilomita 25 kwa saa, utatumia saa mbili na dakika 24. Kama upepo unakupunguza mpaka 15 wakati wa kwenda na kukuongeza mpaka 35 wakati wa kurudi, utatumia saa mbili kwenda na dakika 51 kurudi, jumla saa mbili na dakika 51. Umepoteza karibu nusu saa, kwa sababu muda mwingi umekaa upande mbaya wa upepo. Kwa hiyo siku ya kaskazi kali fupisha njia.

Lakini kwa joto, ushauri ule una mtego. Ukienda kilomita 25 kwa saa na upepo wa kilomita 20 uko usoni, hewa inakupita kwa kilomita 45 kwa saa. Jasho linakauka, unajisikia mzima ingawa miguu inalia. Geuka. Upepo ule ule uko mgongoni, nawe kwa furaha unaendelea kwa 25 au 30. Hewa inayokugusa sasa ina mwendo wa kilomita 5 mpaka 10 tu kwa saa. Jasho linaacha kukauka na kuanza kumiminika, na hapo imeshafika saa nne, jua liko juu, lami inarudisha moto kutoka chini. Ndiyo maana wengi hulemewa wakiwa karibu na nyumbani, kwenye mteremko mdogo wa kuingia mjini, wakati walidhani safari ngumu imekwisha. Wanalaumu kifungua kinywa, au wanasema wamepatwa na malaria. Dawa ni kuutumia upepo kupumzika badala ya kuutumia kuongeza kasi: acha ukusukume, punguza nguvu kwenye pedeli mpaka pumzi irudi, na kabla ya hapo hakikisha umegeuka mapema.

Mtego wake pacha ni kusimama ghafla. Ukisimama, upepo wa mwendo unakatika mara moja, lakini misuli bado ina joto la kutoa, na damu nyingi iko miguuni na kwenye ngozi. Wapo wanaozimia wakiwa wamesimama wima dukani wanasubiri soda. Dakika kumi za mwisho piga pedeli polepole, kisha kaa chini, kivulini, penye upepo. Akizimia mtu kwa namna hiyo, mlaze na umwinue miguu; mara nyingi atarudi baada ya dakika chache.

Kuhusu kunywa, mafundisho mawili yanayopingana yamewachanganya watu kwa miaka mingi. Zamani wanamichezo waliambiwa maji yanalegeza mwili. Katika Tour de France ya 1967, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, kila mwendeshaji aliruhusiwa chupa nne tu kwa siku. Tarehe 13 Julai mwaka huo, Tom Simpson wa Uingereza alianguka akipanda mlima wa Mont Ventoux kwenye joto kali na akafariki. Alikuwa pia ametumia pombe na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili. Baadaye mafundisho yakageukia upande wa pili, watu wakaambiwa wanywe mfululizo hata bila kiu. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji wa mbio za Boston za 2002 na kuchapishwa 2005 ulikuta asilimia 13 ya waliopimwa mwishoni wana upungufu wa sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, katika damu, na sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita kiasi, wengine hadi wakaongezeka uzito wakiwa mbioni. Maji mengi yasiyo na chumvi yanazimua damu, na ubongo unaweza kuvimba.

Ukweli uko kwenye mizani ya duka. Jipime kabla ya kutoka, bila nguo nzito, na ujipime tena ukirudi. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji, ukijumlisha na ulichokunywa njiani. Fanya hivyo mara chache katika siku za kawaida za kaskazi na utakijua kiasi chako, ambacho ni tofauti na cha rafiki yako. Wengi kwa mwendo wa kasi hutoa lita moja kwa saa au zaidi. Tumbo halipokei vizuri kiasi chote hicho, kwa hiyo lengo ni kurudi umepungua kidogo, kilo moja au moja na nusu, na usirudi umeongezeka.

Jasho lina chumvi. Ile michoro myeupe kwenye shati jeusi ndiyo hiyo. Kwa safari inayozidi saa moja na nusu, maji peke yake hayatoshi. Madafu, ambayo sisi tumejaliwa nayo, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na jasho linapoteza sodiamu zaidi. Madafu na chumvi kidogo ya kunyunyiza ni kinywaji kizuri sana. Dawa ya kurudisha maji mwilini inayouzwa kwenye vifuko famasi hufanya kazi kwa sababu glukosi na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo pamoja na kuvuta maji nyuma yao; ukikosa kifuko, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikiwa vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, na ndimu ukipenda. Mwenye shinikizo la damu aongee kwanza na daktari wake kuhusu chumvi. Ukifika nyumbani, maziwa yanafaa kuliko soda: yana maji, chumvi na protini, na Tanga maziwa hayajawahi kuwa shida.

Miaka hii Ramadhani imeingia ndani ya kaskazi: 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 katikati ya Februari. Aliyefunga asitoke asubuhi, maana maji atakayoyapoteza hatayarudisha mpaka magharibi. Nusu saa ya mwisho kabla ya adhana, mwendo wa mzee wa Foniksi, karibu na nyumbani, inatosha kunyoosha miguu, na maji yako mbele yako. Anayetaka safari ya kweli aende usiku baada ya tarawehe, kwenye mitaa yenye taa.

Kuna jambo moja ambalo lazima kila anayeendesha na wenzake alijue. Kuchoka kwa joto kunaleta kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jingi, na mtu bado anajibu maswali. Kiharusi cha joto ni kitu kingine: joto la ndani limepita nyuzi 40, mtu anaongea visivyoeleweka, anagombana bila sababu, anayumba, au anaanguka. Anaweza bado kuwa analowa jasho, kwa hiyo usisubiri ngozi ikauke ndipo uamini. Hapo kila dakika ina thamani, na kumpoza kunatangulia kumsafirisha. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma na kumpepea, au mzamishe kwenye beseni kubwa la maji yenye barafu kama mko karibu na wauza samaki, kichwa kikiwa juu na mtu amemshika. Usimlazimishe kunywa akiwa hajitambui. Wakati huo huo, mwenzenu mwingine anatafuta gari la kwenda hospitali ya Bombo au nyingine iliyo karibu. Watu wamepotea njiani kwa sababu walipakiwa haraka bila kupozwa.

Nilisema nitarudi kwenye kuzoea. Mwili unajifunza joto kweli, na unajifunza haraka: siku 7 hadi 14 za kuendesha kidogo kidogo kwenye joto zinaongeza majimaji ya damu, jasho linaanza mapema, na linakuwa na chumvi pungufu. Lakini somo hilo linakuja kwa kufanya kazi ndani ya joto. Kuzaliwa Chumbageni hakutoshi, kama Jumatatu mpaka Ijumaa unakaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kulala kwenye kiyoyozi. Mwenye hali hiyo aongeze safari fupi mbili tatu za jioni katikati ya wiki, hata za nusu saa kuelekea Raskazone. Na ukisimama wiki kadhaa, sehemu kubwa ya ulichopata inapotea, kwa hiyo anayerudi kutoka Arusha au ughaibuni aanze upya kwa unyenyekevu.

Wengi hukimbilia milimani ili kuliacha joto. Ni wazo zuri, ila kuna kikwazo cha kukipita kwanza. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, na unapanda karibu mita 1,000. Hewa hupoa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo juu ni starehe. Kupanda kwenyewe ndiko kazi: mwendo ni kilomita 8 mpaka 12 kwa saa, upepo wa mwendo haupo, na joto la mwili liko juu kabisa, tena chini kule Mombo, ambako ndiko kuna moto, ndiko unakoanzia. Lala Mombo, anza giza likipasuka, na jua litakukuta kwenye kona za juu. Amani, kwa upande wa Muheza, ina kivuli cha msitu, ila msitu unazuia upepo na hewa yake ina unyevu mwingi. Usidhani kivuli kimemaliza kila kitu.

Kushuka kuna adha yake. Nishati iliyokuinua mpaka juu inarudi, na kama baiskeli yako ina breki za kubana rimu, sehemu kubwa inaishia kwenye rimu hizo. Usishike breki mfululizo. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, badilisha mbele na nyuma, na simama mara moja au mbili ukiona rimu haishikiki. Kiraka kilichobandikwa kwa solusheni kinaweza kulegea kwa moto huo. Kwa upande mwingine, ile hofu kwamba jua peke yake linapasua tairi imezidishwa: nyuzi 10 za ziada zinaongeza mgandamizo wa hewa kwa asilimia 3 au 4 tu. Tairi linalopasuka juani mara nyingi lilikuwa limeshachoka ubavuni, na fundi yeyote wa Ngamiani atakuonyesha nyufa zake. Lami ndiyo ya kuangaliwa, maana mchana inalainika pale malori yanapopunguza mwendo, inashika vijiwe, na tairi jembamba linavizoa.

Baiskeli ya pwani inaliwa na chumvi mbili, ya bahari na ya jasho lako. Kila ukirudi, ipitishie kitambaa chenye maji baridi kwenye fremu, boliti za usukani na chini ya kiti, ikauke, kisha tone la oili kwenye cheni na kufuta inayozidi, kwa sababu oili nyingi inakusanya mchanga. Gololi za magurudumu na za pedeli zipakwe grisi mpya kabla ya msimu.

Kaskazi inalegea mwishoni mwa Machi. Masika yakishapita na kusi, upepo wa kutoka kusini, kushika, mambo yanageuka kwa upande mzuri: Julai na Agosti mchana ni nyuzi 28 hivi, na zamu inakuwa ya barabara ya Pangani. Unatoka asubuhi upepo ukiwa usoni, unapita Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, unageuka popote utakapochoka, na unarudi ukisukumwa. Wakati huo, kwenye hewa ya nyuzi 28, unaweza kuukubali msaada wa upepo na kukanyaga pedeli kwa nguvu zote ulizonazo mpaka uingie mjini.